Mlingoti Namba Sabini na Moja

Tuliambiwa wasifu usizidi ukurasa mmoja. Huu umezidi, na waliokaa juani watuwie radhi. Mwishoni kuna jambo moja ambalo marehemu ametuachia, nalo linamhusu kila mwalimu, kila mlezi wa watoto wadogo, na kila mtu ambaye uwanjani kwake kuna mlingoti wa chuma uliosimama katikati ya tairi. Tunaomba asiondoke mtu kabla jambo hilo halijasomwa.

Marehemu alizaliwa Jumatatu tarehe 14 Machi 1955, akiwa mtoto wa tano kati ya saba, katika chumba cha nyuma cha nyumba ambayo mbele yake baba yao alikuwa akifua vyuma. Mama yake alisimulia kwamba mtoto huyu hakusumbuliwa na kelele. Nyundo ilipokuwa inapiga alilala, ikinyamaza analia. Alipoanza kutembea akawa na tabia ya kugonga vitu halafu anainamisha sikio: mageti, ndoo, meza, hata kichwa cha kaka yake. Dada yake mkubwa, ambaye tunaye hapa leo, anakumbuka siku aliyogonga sufuria ya jirani akasema, "Hii ni mbovu." Jirani akacheka, akatia maji, akabandika jikoni. Moto ukazimika.

"Tulimwogopa kidogo," anasema dada yake. "Mtoto wa miaka minne anajuaje kitu kibovu kabla hakijavuja?"

Aliingia darasa la kwanza mwaka 1963 na kumaliza la saba mwaka 1969. Hakuwa wa kwanza wala wa mwisho. Alikuwa mfupi na asiyesema sana, na wakati wa michezo manahodha walipochagua timu yeye alibaki ukutani mpaka mwisho, halafu wakasema, "Haya, mchukueni ninyi." Waliomchukua walimweka golini. Baadaye hata golini wakamtoa. Alisimulia hayo akicheka, ila hakuwahi kusahau majina ya wale manahodha, na mmoja wao alipomletea geti la kuchomelea miaka thelathini baadaye, alilichomelea vizuri sana, kisha akamwambia, "Subiri hapo ukutani, nitakuita wa mwisho."

Kuanzia mwaka 1971 alijifunza uchomeleaji kwa fundi mmoja mkali, akakaa hapo miaka minane. Tarehe 7 Januari 1980 alifungua karakana yake, hatua sita kwa nne, bati juu, milango miwili. Ndani kulikuwa na meza ya chuma, jiliwa la kubania vyuma, mashine ya kuchomelea iliyonguruma kama mtu anayekoroma, na ukuta wa nyuma alikoning'iniza vipande vya bomba kwa urefu wake. Alitengeneza mageti, nondo za madirisha na vitanda. Kila kitu alichomaliza alikigonga kwa spana na kusikiliza. Kikilia vizuri kiliondoka. Kikikohoa kilirudi mezani. Ndivyo alivyosema: chuma kizima kinalia, chuma kibovu kinakohoa.

Mwaka 1985 akaja mwalimu wa michezo, msichana mrefu mwenye filimbi shingoni na mpira ndani ya wavu.

"Fundi, ndiye wewe wa mageti?"

"Ndiye mimi."

"Mimi sitaki geti. Nataka mpira usioondoka."

"Mpira usioondoka si mpira, Mwalimu. Huo ni mbuzi."

"Basi nitengenezee kamba ya mbuzi," akasema, akaketi bila kukaribishwa.

Akamweleza. Shule yake haikuwa na uwanja. Ilikuwa na ua wa saruji kati ya madarasa na vyoo, hatua ishirini tu. Mpira ukipigwa unavunja kioo, au unavuka ukuta kwa mzee ambaye harudishi. Alitaka mlingoti mrefu, kamba itoke juu, mpira uning'inie kwenye kamba. Watoto wawili wanasimama pande mbili. Huyu anaupiga mpira uzunguke kulia, yule anaurudisha kushoto, na ambaye kamba itajiviringisha yote mlingotini kwa upande wake ndiye mshindi. Hauvunji kitu na haupotei. Na hakuna timu za kuchagua.

Marehemu alisikia hilo la mwisho kuliko yote.

Alichimba shimo katika ua ule, akasimamisha bomba, akamimina zege. Watoto wakauita mchezo huo Zungusha, na jina likabaki. Baada ya muhula mmoja mkuu wa shule akataka kujenga tangi la maji pale pale, na bomba halikung'oka. Mwalimu akarudi karakana.

"Mlingoti wako ni mkaidi kuliko mkuu wangu wa shule."

"Unataka uhame?"

"Uhame. Asubuhi uwe uani, jioni uwe stoo, mvua ikinyesha uwe ukumbini. Watoto wawili wa darasa la tano waweze kuuhamisha bila kuniita."

"Nikiufanya uhame, na wewe utahama?"

"Nihamie wapi?"

"Hapa karibu."

Mlingoti wa kwanza wa kuhama ulipokuwa tayari, Mwalimu alilisimamisha tairi lake kwa ukingo, akalisukuma mwenyewe kama pipa mpaka shuleni, na huku nyuma marehemu amebeba bomba begani anamfuata. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 20 Desemba 1986. Mungu akawajalia watoto watatu. Tangu siku ile mtaa mzima ulimwita mke wake Mwalimu, na marehemu ukamwita Fundi Zungusha. Sisi tuliozaliwa baadaye tulimwita Babu Zungusha.

Ni lazima tueleze mlingoti huo ulivyotengenezwa, maana bila hilo yaliyofuata hayaeleweki. Unachukua tairi kuukuu la gari, unaliweka chini, unasimamisha katikati yake kipande kifupi cha bomba nene. Marehemu alikiita kikombe. Unajaza tairi zege. Zege likikauka, unatia bomba refu ndani ya kikombe, na huo ndio mlingoti. Ukitaka kuuhamisha unachomoa bomba, unasukuma tairi. Sasa, kikombe kiko wazi juu, na mvua inaingia. Kwa hiyo lazima chini kiwe na tundu la kutolea maji. Ili zege bichi lisizibe tundu hilo wakati wa kumimina, marehemu aliliziba kwa kitambaa alichokisokota, na siku ya tatu akaligeuza tairi na kukivuta kitambaa.

Kitambaa kilikuwa chekundu siku zote. Alikata pazia la zamani la sebuleni, kwa sababu chekundu hakisahauliki. Vitambaa vilivyovutwa vilifuliwa na kuanikwa kwenye kamba ya nguo nyuma ya karakana, na Mwalimu akiwa dirishani jikoni alijua: vitambaa kumi kwenye kamba, matairi kumi yana tundu.

Kwa miaka zaidi ya thelathini wawili hao waliingia shule baada ya shule. Yeye alileta milingoti, Mwalimu akaleta michezo. Kulikuwa na Mkono Mmoja, ambapo mkono unaoandikia unafungwa nyuma. Kulikuwa na Jitu, wadogo watatu dhidi ya mkubwa mmoja. Na kulikuwa na Kimya, ambao atakayetoa sauti ameshindwa. Katika mchezo huo watoto wasiosema darasani walishinda wiki nzima, na Mwalimu anasema marehemu angeweza kusimama ukutani kuutazama mpaka chakula kipoe nyumbani. Kila mlingoti aliupa namba, akaiandika kwa matone ya chuma kwenye shingo ya kikombe, na kwenye daftari akaandika shule ulikokwenda. Kufikia mwisho wa mwaka 2018 alikuwa amefika namba sitini, na hakuna hata mmoja uliowahi kumwumiza mtoto, ukiacha wale waliopigwa na mpira puani kwa uzembe wao.

Mwezi Januari 2019 akapata kazi ya milingoti ishirini na minne kwa mara moja, kwa shule kumi na saba, kabla shule hazijafunguliwa. Pazia lilikuwa limekwisha, na vitambaa vya zamani vilikuwa vimechakaa. Pembeni ya mashine kulikuwa na mifuko mitupu ya saruji, ile ya karatasi. Akachana karatasi, akaisokota, akaziba matundu yote ishirini na manne. Mtoto wake wa kiume, ambaye ndiye fundi wa karakana sasa, alimwuliza, "Baba, hizo tutazitoaje? Zitashika."

Marehemu akajibu, "Hakuna haja ya kutoa. Karatasi itaoza yenyewe, maji yatapita."

Mwalimu aliangalia kutoka jikoni. Kamba ya nguo ilikuwa tupu. Aliiona tupu siku ya tatu, akaiona tupu siku ya nne. "Nikadhani hajafua," anasema. Hakuuliza. Ameomba iandikwe kwamba hakuuliza.

Karatasi haikuoza. Iliyanywa maji ya saruji ikawa jiwe.

Miaka minne ikapita bila neno. Milingoti ilipakwa rangi na kuonekana mipya. Jumapili tarehe 19 Machi 2023, saa tatu asubuhi, marehemu akapigiwa simu na mlinzi wa shule moja.

"Fundi, mlingoti wako umelala."

"Nani kauangusha?"

"Hakuna mtu. Leo Jumapili. Nilikuwa nakunywa chai nikasikia kishindo."

"Upepo?"

"Hata jani halitikisiki, Fundi."

Akaenda na baiskeli. Bomba lilikuwa limelala uani, limekatika pale linapoingia kwenye kikombe. Kipande cha chini kilibaki ndani kama jino lililooza. Nje rangi ilikuwa nzima, bluu inayong'aa. Ndani chuma kilikuwa chembamba kama ganda la yai. Akatia kidole ndani ya kikombe na kidole kikaingia majini mpaka kiungo cha pili, na mvua ilikuwa haijanyesha siku kumi na moja. Akaligeuza tairi, akaona karatasi. Mlinzi anasema marehemu aliketi juu ya lile tairi, na alipomwuliza kama amletee chai na yeye, akasema, "Namba sitini na tatu," kama mtu anayejibu swali jingine.

Nyumbani aliweka daftari mezani. Kutoka namba 61 mpaka 84, yote ilikuwa na karatasi. Mtoto wake akasema, "Baba, umeanguka mmoja. Nenda kimya kimya. Sema unakuja kupaka rangi upya, uichukue mmoja mmoja. Ukitangaza mwenyewe kwamba milingoti yako inaanguka, nani ataleta hata dirisha hapa?"

Hayo yameandikwa kwa ruhusa ya huyo mtoto wake. Alisema yasifichwe, maana yaliyofichwa ndiyo yaliyofanya yatokee yaliyofuata.

Marehemu alikubali. Kwa wiki kumi alizunguka na kopo la rangi mkononi, akidanganya walimu wakuu. Akachukua saba. Akawa analala vibaya, anaamka na kugonga kitanda. Tarehe 24 Mei alifika shule yenye namba 66. Mwalimu mkuu akauangalia mlingoti kutoka dirishani.

"Rangi mbona bado nzuri, Mzee?"

"Nzuri, lakini nimepita tu."

"Sasa watoto wana mashindano ya Zungusha mwezi huu. Njoo muhula ujao."

"Nikiuchukua wiki moja tu..."

"Mzee wangu, kwa rangi? Acha. Muhula ujao."

Angeweza kumwambia. Alisimama pale mlangoni, kopo mkononi, na akasema, "Sawa." Aliupita ule mlingoti akiondoka, akaugonga kwa ufunguo wa baiskeli. Ulikohoa. Akapanda baiskeli akaenda.

Ijumaa tarehe 2 Juni, saa nne na nusu, wakati wa mapumziko, namba 66 ilianguka katikati ya mchezo. Msichana wa darasa la nne alivunjika mfupa wa bega, na sikio lake la kushoto halisikii vizuri mpaka leo. Aliyekuwa anacheza naye hakuguswa. Msichana yule yupo hapa, amekaa na mama yake, na wasifu huu tulimsomea kwanza yeye kabla haujachapishwa.

Marehemu alikwenda hospitali siku ile ile, akamwambia mama wa msichana ukweli wote akiwa amesimama: karatasi, kopo la rangi, ufunguo wa baiskeli. Aliyemjibu ni msichana.

"Babu, mimi nilikuwa naangalia mpira. Ulikuwa unanijia mimi. Mlingoti sikuuona."

Halafu akauliza, "Imebaki mingapi?"

"Kumi na tano."

"Imesimama sasa hivi?"

"Imesimama."

"Watoto wanacheza?"

Marehemu akaangalia saa. Ilikuwa saa kumi, shule zinafunga. "Leo hawachezi tena," akasema. Kesho yake ilikuwa Jumamosi na keshokutwa Jumapili. Siku hizo mbili alizifanyia kazi bila kula vizuri. Hakubeba rangi tena. Alibandika tangazo kwenye mlango wa karakana, herufi kubwa: MILINGOTI YANGU NAMBA 61 MPAKA 84 NI MIBOVU, KOSA NI LANGU. Geti halikuletwa hapo kwa miezi minane. Mwalimu alipiga simu kwa kila mwalimu wa michezo aliyemfahamu, na alifahamu wengi, akawaambia bila kuzunguka, "Ulaze chini sasa hivi, mimi nabaki kwenye simu." Kwenye simu zile alisikia bomba linavyogusa ardhi, moja baada ya jingine. Anasema hakuna sauti aliyowahi kuipenda zaidi.

Kila Jumamosi marehemu alikwenda kumwona msichana, na msichana aliuliza lile lile, tena kabla ya kumwamkia.

"Imebaki mingapi?"

Kumi na mmoja. Kisha tisa. Mwezi wa nane ilikuwa sita. Baadhi ya wakuu wa shule hawakutaka kuitoa. Mkuu mmoja alisema, "Mzee, mlingoti umesimama miaka yote hii, leo ndiyo unakuwa adui?" Marehemu hakubishana. Alichomoa bomba mbele yake, akaliingiza ofisini, akaligonga sakafuni mara moja, nalo likavunjika kama biskuti kwenye vigae vya ofisi. Mkuu akaomba msaada wa kuwatoa watoto waliokuwa kwenye mlingoti wa pili. Mitatu. Miwili. Mwisho wa mwaka 2023, mmoja.

Huo mmoja ni namba 71.

Daftari linasema ulikwenda shule ndogo ya kulipia nyuma ya mashine ya kusaga. Marehemu alifika akakuta ghala la rangi. Shule ilikuwa imefungwa. Alimtafuta aliyekuwa mwalimu mkuu, akamkuta kwake sebuleni, miguu ndani ya beseni la maji ya moto.

"Mlingoti? Tuliwaazima watu wa kupamba harusi, wakatundikie taa. Hawakurudisha."

Mpambaji wa harusi akasema, "Ule? Ulinisumbua kwenye gari. Nilimpa jamaa wa matangazo, akaweka spika."

Jamaa wa matangazo alikumbuka vizuri zaidi, na hilo ndilo lililomnyima marehemu usingizi. "Niliupaka rangi ya njano," akasema. "Halafu kuna mama mmoja wa chekechea nilimwona ananunua mipira njiani. Nikampa bure. Watoto walifurahi! Nikawawekea na kamba mpya."

"Chekechea gani?"

"Nilikuwa napita tu, Mzee. Kuna ukuta, kuna geti la kijani. Nilikuwa na ratiba."

Mwalimu alitaka mlingoti unaohama, na marehemu alimpa. Sasa ulikuwa umehama kweli, mikono minne, na mwisho wake watoto wa miaka minne na mitano. Mwaka mzima wa 2024 marehemu na mtoto wake walizunguka chekechea. Walifika arobaini na moja. Mageti ya kijani yalikuwa mengi kuliko walivyodhani, na mengine aliyatambua kwa mkono wake, kwa sababu aliyatengeneza mwenyewe. Alijifunza kusimama nje ya ukuta kwanza na kusikiliza kama kuna sauti ya mpira unaopigwa kwenye kamba. Mlezi mmoja alimfukuza akidhani ni mtu mbaya. Marehemu akamwambia, "Umefanya vizuri kunifukuza, lakini kabla sijaondoka niambie, una mlingoti wa njano?" Hakuwa nao.

Mwezi Januari 2025 alianza kukohoa. Alipanda ngazi tatu akapumzika. Tarehe 11 Aprili alilazwa. Daktari alimkalisha, akaweka kidole mgongoni na kukigonga kwa kidole cha mkono wa pili, akishuka taratibu kutoka begani mpaka ubavuni. Binti yake wa kwanza, ambaye ni muuguzi, alikuwepo. Anasema marehemu alifumba macho akasikiliza na yeye.

"Hapo," marehemu akasema. "Hapo panakohoa."

Daktari akacheka kidogo. "Umejuaje, Mzee? Kuna maji, kweli. Yameingia na hayana pa kutokea."

"Basi toboa."

Wakamtoboa ubavuni, wakaweka mrija mwembamba, maji yakaingia kwenye chupa kwa siku tatu. Akapata nafuu. Akarudi nyumbani, akaagiza apelekwe chekechea ya arobaini na mbili, akapelekwa na kukaa ndani ya gari huku mtoto wake akiuliza getini. Haikuwa. Maji yakarudi. Alitobolewa mara ya pili mwezi Mei na mara ya tatu tarehe 29 Juni. Kila aliyefika kumwona aliulizwa, "Mmeupata?" Waliosema "Bado" aliwashukuru. Jirani mmoja alimhurumia, akamwambia, "Tumeupata, Fundi, pumzika." Marehemu akamwomba aseme namba iko upande gani wa kikombe. Jirani akaaga akaondoka. Baada ya hapo marehemu aliwaomba watu wasimdanganye, kwa sababu yeye mwenyewe alikwisha kuona uongo mmoja mdogo unafika wapi.

Jumanne tarehe 8 Julai 2025 alikuwa wodi namba tatu, kitanda cha dirishani. Usiku wa kuamkia siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha. Saa nne asubuhi zikasikika kelele za watoto kutoka ng'ambo ya ukuta wa hospitali, wako mapumziko. Marehemu akamshika binti yake mkono.

"Nenda ukaangalie wanacheza nini."

"Baba, kule ni shule ya msingi, nimekwisha..."

"Nenda, mama. Angalia kwa macho."

Binti yake akashuka ngazi, akavuka ua, akapanda juu ya tofali akachungulia. Walikuwa wanaruka kamba. Kamba tu, wasichana sita, hakuna mlingoti. Alirudi akikimbia ili amwambie. Saa nne na dakika ishirini aliingia wodini, na marehemu alikuwa ameshaondoka, uso umeelekea dirishani. Hakupata jibu.

Hili ndilo jambo tulilosema mwanzoni. Mlingoti namba 71 bado umesimama mahali. Ni bomba la chuma la mita mbili na nusu, lina rangi ya njano, labda sasa limepakwa nyingine. Uko kwenye tairi lililojaa zege. Pale bomba linapoingia, pitisha kidole juu ya rangi, utasikia matone ya chuma: saba, halafu moja. Unaweza kuwa haubebi mpira tena. Unaweza kuwa umebeba taa, spika, bendera au kamba ya nguo. Ukiuona, usiutikise kuujaribu. Usiwaite watoto waje kuangalia. Watoe kwanza watoto, wote, mpaka ndani. Kisha watu wazima wawili wauchomoe na kuulaza, wapige simu karakana. Namba ya simu iko nyuma ya ratiba hii, na fundi atafika siku hiyo hiyo. Hakuna atakayelaumiwa. Wiki hii mvua imenyesha mara tatu, na kikombe kile hakina tundu.

Watoto wake wanatangaza pia kwamba karakana itaendelea, na kwamba leo asubuhi, kabla hatujaja hapa, Mwalimu ametoa pazia jekundu la sebuleni na kulikata.

Marehemu ameacha mke, watoto watatu, wajukuu saba, dada mmoja, daftari moja, na mlingoti mmoja.

Msichana wa namba 66 ana ombi. Siku mlingoti huo utakapolazwa chini, yeye ndiye aje hapa kaburini, awe wa kujibu safari hii, aseme kwa sauti kwamba haujabaki hata mmoja. Tumemkubalia. Mpaka siku hiyo, Babu, pumzika kwa amani kadiri utakavyoweza.